Kibali Kilichoanguka Kwasasi

Ami yangu anaamini kwamba makaa ya mawe yalishindwa Lamu kwa sababu ni machafu. Anaieleza hivyo pale Mkunguni, mbele ya ngome, kikombe cha kahawa chungu mkononi: serikali ilitaka kutuletea moshi, watu wa Lamu wakakataa, mahakama ikaona kweli moshi ni mbaya, kesi ikaisha. Wazee wenzake wanaitikia. Ni hadithi nzuri, na kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe niliirudia vivyo hivyo kwa marafiki zangu wa Nairobi, kwa fahari ya mtu ambaye mji wake mdogo umewahi kumwangusha jitu.

Halafu nikaisoma hukumu yenyewe.

Niliisoma kwenye simu, usiku, stima imepotea mtaani kwetu, betri ikiwa asilimia thelathini na kitu. Kufika nusu nilikuwa nimekaa wima kitandani. Hukumu ile ya tarehe 26 Juni 2019 haikusema makaa ya mawe ni machafu mno kwa Lamu. Haikusema mtambo usijengwe kamwe. Ilisema kibali kilitolewa bila watu kuulizwa inavyotakiwa na sheria, na kwamba mwenye mradi akitaka kuendelea, arudi afanye utafiti upya. Yaani tulishinda kwa sababu ya utaratibu.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwambia Ami. Aliweka kikombe chini. Akafikiri, kisha akauliza: "Kwa hivyo wangetuuliza vizuri, wangejenga?"

Sikuwa na jibu la haraka, na Ami si mtu wa kudanganywa na jibu la haraka. Nikarudi kwenye karatasi.

Mambo yalianza 2013. Septemba ya mwaka ule serikali mpya ya Jubilee ilizindua mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme kwa miezi 40. Mitambo yote ya nchi wakati huo ilikuwa na uwezo wa kama megawati 1,700, kwa hivyo unaona ukubwa wa ndoto yenyewe. Katika hesabu za mpango ule makaa ya mawe yalitengewa megawati 1,920 na gesi asilia megawati 1,050. Gesi ilikuwa ije kwa meli, ikiwa imepozwa mpaka kuwa kimiminika, iteremshwe Dongo Kundu kule Mombasa na ichomwe papo hapo kuzalisha stima. Makaa yangekuja kwetu. Wizara ya Kawi ilitafuta wawekezaji wa miradi yote miwili karibu wakati mmoja, kama mapacha. Pacha wa Mombasa alikufa mapema, bila hata matanga. Pacha wa Lamu akaishi.

Mwaka 2014 kazi ilipewa muungano wa Gulf Energy na Centum, ambao waliunda kampuni iitwayo Amu Power. Mtambo ungekuwa wa megawati 1,050, na baada ya kutoa umeme unaotumika ndani yake wenyewe, megawati 981 na nusu zingeingia kwenye gridi ya taifa. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 2. Sehemu kubwa ya mkopo ingetoka benki ya China ya ICBC. Mahali palipochaguliwa ni Kwasasi, bara, upande wa Hindi, kwenye ufuo unaoikabili ghuba ya Manda, kama kilomita 20 kutoka mji wa kale. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini mpaka siku ambayo makaa ya bonde la Mui, Kitui, yangeanza kuchimbwa. Bomba la moshi lingekuwa na urefu wa mita 210. Wewe wa Nairobi, litazame jengo la Britam pale Upper Hill: hilo lina mita 200. Sasa lichukue, liongeze mita kumi, uliweke mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi na mnara wa msikiti.

Kabla hujakasirika, nikwambie pia kwamba Lamu haikuwa na anasa ya kuudharau umeme. Mimi nimekulia kwenye stima ya jenereta za dizeli. Gridi ya taifa ilitufikia katikati ya muongo uliopita tu, kwa nyaya zilizotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Kwa hivyo mtu akija kukwambia kwamba umeme mwingi kuliko wote nchini utatoka kwako, masikio yanasimama.

Wengi wetu tunadhani kibali cha mtambo wa umeme ni mhuri mmoja unaopigwa na mtu mmoja ofisini. Ni foleni ya mihuri. Wizara inatangaza na kuchagua mwekezaji. Ardhi inatafutwa na wenye mashamba wanaambiwa habari za fidia. Kenya Power wanajadili mkataba wa kununua umeme, na huu ulikuwa wa miaka 25. Tume ya kawi, enzi hizo ikiitwa ERC na siku hizi EPRA, inatoa leseni ya kuzalisha. Na katikati ya foleni kuna NEMA, mamlaka ya mazingira, ambayo bila leseni yake hakuna jiwe linalowekwa juu ya jiwe.

Hapo kwa NEMA ndipo hadithi yote ilipo, kwa hivyo nivumilie kidogo na vifungu vya sheria.

Sheria ya mazingira ni ya 1999, na kanuni zake za tathmini ni za 2003. Kanuni ya 17 inamtaka mwenye mradi, wakati wa kufanya utafiti wa athari, atafute maoni ya watu watakaoguswa. Na haikuishia kusema tu "atafute maoni," maana sote tunajua hiyo ingetekelezwa vipi. Inataja mpaka njia. Abandike matangazo mahali panapoonekana. Atangaze kwenye gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo. Atangaze redioni, kwa lugha ambazo watu wanazielewa. Afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu wa pale, awaeleze mradi na athari zake, na apokee maoni yao, ya mdomo na ya maandishi. Ripoti ikishakamilika na kufika NEMA, nayo NEMA ina zamu yake ya kuwaalika wananchi waisome na kuitolea maoni kabla ya uamuzi.

Mtu aliyeandika kanuni ile, simjui, lakini naona aliwahi kukaa kwenye baraza la chifu.

Ripoti ya Amu Power iliwasilishwa Julai 2016. Ilikuwa kwa Kiingereza, mamia ya kurasa, imejaa majedwali ya hewa, maji, jivu na joto la bahari. Leseni ya NEMA ilitoka tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe. Kuna watu wamesubiri pasipoti muda mrefu zaidi.

Na ndani ya ripoti ile mlikuwa na mambo ambayo mvuvi yeyote angetaka kuyauliza. Mtambo wa aina hii hunywa maji ya bahari ili kupoza mashine zake, kisha huyarudisha yakiwa ya moto zaidi. Yatarudishwa wapi, na samaki wa ghuba ya Manda watafanya nini? Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kwenye mizizi ile ndiko samaki na kamba wanakozalia. Jivu litamwagwa kwenye uwanja ulio karibu na ufuo. Kusi ikivuma, jivu litakwenda wapi? Haya si maswali ya wasomi. Ni maswali ambayo Ami, aliyevua miaka thelathini na tano, angeyauliza kabla ya chai kupoa, lau angejua ripoti ipo na inasema nini.

Kuna jambo moja la zamani ambalo lazima niliingize hapa, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kwa nini watu wa Lamu wana sikio jepesi kwa neno "kibali."

Mwaka 1889 Wajerumani wa kampuni ya Witu na Waingereza wa kampuni ya Imperial British East Africa walikuwa wanagombania nani atakusanya ushuru wa forodha katika kisiwa cha Lamu. Kila upande ulidai Sultani wa Zanzibar alishaahidi kuupa. Waliposhindwa kuelewana walitafuta mwamuzi, na mwamuzi aliyepatikana ni Baron Lambermont, bwana mkubwa wa serikali ya Ubelgiji. Agosti 1889 alitoa uamuzi wake kwamba hakuna upande uliothibitisha haki yake, na kwamba Sultani yuko huru kuamua. Haukupita muda, Sultani akawapa Waingereza. Forodha ya mji wetu, bandari yetu, boriti na pembe na mtama uliopita hapo, vyote viliamuliwa na Wajerumani, Waingereza, Mbelgiji na Sultani aliyeko Unguja. Mtu wa Lamu hayumo hata kama shahidi.

Niliwahi kumsimulia Ami kisa hiki nikidhani kitamshangaza. Alisema tu, "Na boriti je?" Alikuwa akikumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Majahazi yaliyokuwa yakizipeleka Uarabuni tangu enzi za mababu yakakosa mzigo. Huenda marufuku ile ilikuwa ya busara kwa misitu, mimi naiona hivyo, na Ami haioni hivyo, lakini yeye anakumbuka namna habari ilivyofika. Ilifika ikiwa imeshaamuliwa.

Kisha Machi 2012 wakaja marais. Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua LAPSSET, bandari mpya pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta, hapo hapo kwetu. Mwaka huo huo baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani, na kesi ilichukua miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wavuvi zilivunjwa, zikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kuipata fidia yenyewe ni hadithi nyingine, ndefu na ya kuchosha. Bandari ilijengwa. Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati la kwanza Mei 2021.

Kwa hivyo makaa yalipofika, yaliwakuta watu ambao tayari walishajua mlango wa mahakama uko wapi. Save Lamu, mwavuli wa vikundi vya wakazi, ulikuwa umejifunza kutokana na bandari. Novemba 2016, pamoja na wakazi watano, walikata rufaa kwenye jopo la kitaifa la kesi za mazingira, linalojulikana kwa herufi zake, NET. Waliweka pingamizi pia mbele ya ERC, ambayo iliwakatalia. Vijana walivaa fulana zenye maandishi. Kampeni ya deCOALonize, ikiratibiwa na Omar Elmawi, ikalifikisha jina la Lamu mbali. UNESCO, ambayo iliuweka mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikaanza kuuliza maswali.

Lakini nisikudanganye kwamba kisiwa kizima kiliandamana. Binamu yangu mmoja hakuandamana.

Mwaka 2015 alikuwa na miaka 22 na cheti cha uchomeleaji vyuma alichokihangaikia miaka miwili. Aliposikia ujenzi utahitaji maelfu ya wafanyakazi, alikitia cheti kile kwenye plastiki ngumu ili kisipate unyevu. Kule Hindi na Kwasasi walikuwapo wakulima waliokuwa wakiisubiri fidia ya mashamba. Mtu akishaambiwa shamba lake litachukuliwa, hapandi mwembe mpya. Anasubiri. Mwaka unakwisha, unaanza mwingine. Kwa watu hawa kila siku ya kesi ilikuwa ni siku nyingine ya kutojua.

Siku hizi binamu yangu yuko Doha. Nilipomtumia sauti kwenye WhatsApp kumwambia naandika habari hizi, alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka na zamu ya usiku: "Andika. Lakini andika pia kwamba nyinyi mlikuwa na kesi, mimi nilikuwa na cheti." Basi nimeandika.

Binafsi naona hoja yake ni ya kweli, lakini hesabu za mradi zenyewe zilikuwa mbovu. Mwaka 2019 matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini yalikuwa kama megawati 1,900. Mtambo mmoja wa megawati 981 ni zaidi ya nusu ya hapo. Na mikataba ya namna hii haimlipi mwenye mtambo kwa umeme uliotumika tu. Anamlipwa pia kwa kuuweka mtambo tayari, uwashwe usiwashwe. Juni 2019 taasisi ya IEEFA ilikadiria kwamba malipo ya kuuweka tayari peke yake yangeweza kufika dola bilioni 9 kwa miaka 25, hata kama hakuna uniti moja iliyozalishwa. Pesa hizo zingetoka kwenye tokeni zako na zangu. Swali hili halikuwa la Lamu tu, lilikuwa la kila mwenye mita, lakini aliyelipeleka kortini ni mvuvi.

Sasa turudi kwenye hukumu.

Jopo, mwenyekiti wake akiwa Mohammed Balala, lilitazama ushahidi wa mikutano. Kampuni ilisema ilifanya mikutano mingi, na kweli ilifanya. Kulikuwa na majina, sahihi, picha. Lakini jopo likatazama tarehe. Mikutano iliyotegemewa ilikuwa ya 2015, kabla utafiti haujakamilika. Ilikuwa mikutano ya utambulisho: sisi ni fulani, tunaleta mradi fulani, una manufaa haya na haya. Athari zenyewe hazikuweza kujadiliwa kwa sababu utafiti wa kuzionyesha ulikuwa bado. Na ripoti ilipokuwa tayari, watu hawakurudiwa kama kanuni ya 17 inavyotaka, wakaonyeshwa kilichopatikana na kuulizwa: haya, sasa mnasemaje?

Jopo lilitumia mfano ambao umenikaa kichwani. Lilisema ushirikishaji wa umma ndio hewa ya oksijeni inayoupa utafiti uhai, na ukikosekana, utafiti unazaliwa mfu, haijalishi ripoti ni nene kiasi gani. Ukitoka kwenye familia ya kusoma matanga na hitima, neno hilo linaingia ndani.

Jopo liliona kasoro nyingine pia. NEMA haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyoanza kutumika miezi michache tu kabla ya leseni. Ripoti haikueleza vya kutosha baadhi ya mambo, likiwemo jivu. Kule Afrika Kusini, ambako makaa yetu yangetoka, mahakama ya Pretoria ilikuwa imekwisha kuamua Machi 2017, katika kesi ya mtambo wa Thabametsi, kwamba huwezi kuidhinisha mtambo wa makaa bila kupima athari zake kwa tabianchi. Kwa hivyo Lamu haikuwa peke yake, ingawa sisi hupenda kujiona hivyo.

Leseni ikafutwa. Mwezi huo huo balozi wa Marekani, Kyle McCarter, alikuwa mtandaoni akiyasifia makaa ya mawe kama umeme wa bei nafuu, na Wakenya walimjibu kwa namna ambayo sitairudia hapa.

Baada ya hapo pesa zilianza kuondoka moja moja, kama wageni wa harusi mvua ikinyesha. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema 2019 haitaugharamia mradi. General Electric, waliokuwa wametangaza 2018 kwamba watanunua hisa, walisema Septemba 2020 wanaacha kujenga mitambo mipya ya makaa popote duniani. Novemba mwaka huo ikajulikana ICBC nayo imejitoa. Mwaka 2021 Rais Xi Jinping akatangaza kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Na kwenye foleni ya mahakama, Amu Power iliendelea na rufaa yake mpaka Oktoba 2025, ambapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupilia mbali. Tangu zabuni mpaka hapo ni zaidi ya miaka kumi. Kwasasi halijasimama hata tofali.

Sasa swali la Ami. Wangetuuliza vizuri, wangejenga?

Nimeisoma sheria tena, nimewauliza marafiki wawili mawakili, na jibu langu ni hili: huenda ndiyo. Sheria inampa mtu wa Lamu haki ya kuulizwa. Haimpi haki ya kukataa. Mwenye mradi anayefanya mikutano yote, anayetafsiri ripoti, anayewarudia watu na kuyaandika maoni yao kwa uaminifu, anaweza kupewa leseni na bado kila mtu aliyesimama kwenye mkutano awe alisema hapana. NEMA inatakiwa iyazingatie maoni, si kuyatii. Kilichotuokoa 2019 ni kwamba waliopitisha hawakufikiri kuuliza ni jambo zito. Wakati ulionunuliwa kwa kesi ndio uliofanya kazi nyingine: bei za jua na upepo zilishuka, joto la Olkaria likaongezwa, benki zikabadilisha mawazo. Kanuni ya 17 haikuushinda mtambo. Iliuchelewesha mpaka dunia ikaukataa yenyewe.

Na ndiyo maana nafuatilia habari za gesi kuliko ninavyofuatilia mpira. Yule pacha aliyekufa Dongo Kundu hakuzikwa vizuri. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia sahihi makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam mpaka Mombasa. Kwetu sisi gesi si jambo la kusikia tu. Shell na BP walichimba kisima kisiwani Pate mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya Zarara ikarudi kuchimba huko huko 2018. Gesi haina jivu, moshi wake haumchafui mtu nguo, na mwenye kuileta atasema hivyo kwenye mkutano wa kwanza. Atakuwa amesema kweli. Lakini mtambo wa gesi nao hupozwa, mara nyingi kwa maji ya bahari. Bomba nalo hupita chini ya mikoko ya mtu, na mkataba nao huwa wa miaka mingi, uwashe usiwashe. Foleni ya mihuri ni ile ile: wizara, ardhi, NEMA, EPRA, Kenya Power. Tofauti ni kwamba mawakili wa kampuni zote sasa wameisoma hukumu ya Lamu, na safari ijayo watakuja na redio, mabango, mikutano mitatu na picha zenye tarehe sahihi.

Nilimweleza Ami haya yote jioni, barazani kwetu, kwa Kiswahili changu kilichokwisha kuharibika kwa kukaa bara. Alinikatiza mara mbili kunisahihisha maneno. Mwisho akauliza, "Na wakiya tena, hiyo ripoti yao itakuwa kwa lugha gani?" Nikamwambia matangazo ya redio lazima yaeleweke na watu, lakini ripoti yenyewe, sikuona mahali panaposema lazima iwe kwa Kiswahili.

Asubuhi yake akaniomba nimchapishie hukumu, kwa maandishi makubwa, na nimwandikie Kiswahili pembeni. Nilikwenda duka la fotokopi nikachapisha kurasa kumi za mwanzo, kisha nikakaa na kalamu mpaka adhuhuri. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Pale hukumu inaposema watu walitakiwa washirikishwe niliandika "kushirikishwa," kama redio zinavyosema. Ami alizikunja karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaenda nazo Mkunguni.

Nilipopita na begi langu kwenda kupanda boti ya Mokowe, nilikuta karatasi zimetandazwa juu ya baraza, zimewekewa vikombe zisipeperuke. Mzee mmoja alikuwa anabisha kwamba neno langu si sawa. Kushirikishwa, alisema, ni kupewa fungu kwenye kitu, kama samaki wakigawanywa ufukweni, na hapa hakuna aliyetaka kugawana nao makaa. Neno ni kuulizwa. Ami akasema hapana, kuulizwa ni hata askari anakuuliza. Nahodha alikuwa ananiita, kwa hivyo sikusikia waliafikiana neno gani.